Mashine Ielekee Barabarani

Kwetu mlango ukikataa kufunga, inaletwa randa. Nimeolewa kwa mafundi seremala, na kwa maseremala kila kosa duniani ni la mbao. Mbao imevimba, mbao ilipasuliwa ikiwa mbichi, mbao ilianikwa vibaya. Ukuta haukosei hata siku moja, na mtu ndiyo usiseme.

Nasema mapema ili nieleweke: mimi si mtu wa visingizio. Nikikosa nasema nimekosa, yanakwisha. Ndiyo maana tangu niingie nyumba hii naonekana mkorofi. Wenzangu wana maneno ya kufunika kila shimo, na mimi nina tabia ya kufunua.

Baba mkwe wangu mtaa mzima unamwita Mzee Randa. Nyumba ni yake. Chini ni karakana, na mlango wake mpana unatazama barabara. Juu ndiko tunakoishi. Mimi na mume wangu tuna chumba cha nyuma. Mzee analala chumba kidogo cha kati kwa sababu ya kukoroma kwake. Chumba kizuri kuliko vyote, cha mbele, chenye dirisha kubwa, ni cha mama mkwe. Miguu yake ilikwisha nguvu zamani, hashuki ngazi mpaka abebwe kwenye kiti, kwa hiyo dirisha lile ndiyo barabara yake, soko lake na redio yake. Binti yetu, tunayemwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, alikuwa akilala humo humo na bibi yake. Kitanda chake kidogo kilikaa chini ya dirisha.

Na chini ya chumba hicho, katikati ya karakana, palikuwa na nguzo.

Yote yalianza na mashine. Mzee alikuwa ameitamani mashine kubwa ya kuranda mbao kwa miaka, na alipoipata alifurahi mpaka akasahau kula. Ikateremshwa kwenye lori, ikasukumwa ndani, ikasimamishwa ikitazama barabara. Hapo ndipo walipogundua kitu ambacho mtu mwenye futi ya kupimia mfukoni alipaswa kukijua kabla. Mbao ndefu ukiisukuma upande huu wa mashine inatokea upande wa pili, na upande wa pili ilikuwa inakwenda kugonga nguzo.

"Tuigeuze tu, Baba," mume wangu alisema. "Ielekee uani. Mbao zitatokea mlango wa nyuma, hazigusi kitu."

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi na beseni la nguo, nikasikia kila neno. Mzee alimtazama kama vile ametukanwa.

"Nimenunua mashine hii niifiche? Anayepita barabarani aone nini, matako yake? Mashine ielekee barabarani."

Basi akaitwa Mjomba. Mjomba ni mdogo wake mama mkwe, ni mwashi, na ndiye aliyejenga ile sakafu ya juu enzi mume wangu akiwa mtoto. Si mtu wa maneno mengi. Aliizunguka nguzo, akaiwekea kiganja, akatazama juu.

"Shemeji, hii ndiyo imembeba dada yangu," alisema. "Siikati."

"Sikukuuliza imebeba nini. Nimekuuliza utaikata kwa siku ngapi."

Mjomba akachukua mfuko wake wa vifaa akaondoka. Baadaye alikuja kuniambia kwamba alidhani akikataa yeye, mzee ataacha. Nilimwambia usoni kwamba hicho nacho ni kisingizio. Mtu anayemjua shemeji yake miaka yote hiyo anajua fika kwamba akimwachia nyundo, ataitumia.

Na aliitumia. Yeye na mwanawe waliivunja ile nguzo kwa nyundo na patasi, wakakata nondo kwa msumeno wa chuma, huku mimi juu nikiona chai inatetemeka kikombeni. Jioni mashine ikawashwa. Mbao ndefu ikapita sawasawa, laini kama karatasi, na watu barabarani wakasimama kutazama. Mzee alikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona tena.

"Ilikuwa ya urembo tu ile," aliwaambia. "Mafundi wa zamani walikuwa wanajaza nguzo ili wauze saruji."

Usiku ule nilimuuliza mume wangu ilikuwaje akakubali.

"Baba ndiye aliyeshika nyundo," akasema. "Mimi nilishika ngazi."

Hebu niambie, mtu kama huyo unamfanya nini.

Mlango wa kwanza kukataa ulikuwa wa chumba cha mama. Ukawa unakwaruza sakafu ukiufungua. Mzee akapanda na randa yake ya mkono, akautoa kwenye bawaba, akaupunguza chini, akaurudisha, ukafunga vizuri kabisa. Akapiga mluzi. Haukupita muda ukakwama tena, safari hii juu. Akaupunguza juu. Kisha kona. Kisha mlango wa jikoni ukaanza, kisha wa choo, na kila mara mzee alipanda na randa, na mimi nikafagia maranda.

Nakiri kwamba kazi yake ilikuwa safi. Hapo ndipo palipokuwa na hatari yenyewe. Kwa watu wengine milango ikianza kukwama hivyo, wangeshindwa kuitengeneza, wangekereka, wangemwita mtu. Sisi tulikuwa na fundi ndani. Nyumba ilikuwa inainama na milango inakatwa iifuate, na ukiifungua na kuifunga hukuona tatizo lolote. Ila ukisimama mbali kidogo ukautazama mlango wa mama, uliona umekuwa upande, juu mwembamba huku, mnene kule, kama shati lililokatwa na mlevi.

"Mbao imevimba kwa unyevu," mzee alisema nilipomwonyesha.

"Unyevu gani, Baba? Hata nguo leo zimekauka kabla sijamaliza kuanika."

"Mama Chiriku, wewe unajua kuanika. Mbao niachie mimi."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka.

Chiriku ndiye aliyeligundua la mpira. Alikuwa na mpira mdogo wa plastiki, akauweka katikati ya chumba cha bibi yake, ukaondoka wenyewe polepole mpaka ukutani upande wa dirisha. Akaurudisha, ukaenda tena pale pale. Akafurahi mno.

"Mama, njoo uone! Mpira wangu unajua njia!"

Nilisimama mlangoni, nikautazama ule mpira ukitembea. Bibi yake alikuwa anapiga makofi kitandani.

Halafu kukaja vumbi. Sisi vumbi si jambo geni, tunalala nalo, tunakula nalo. Lakini vumbi la mbao lina rangi ya mbao. Hili nililolikuta kwenye shuka la mama asubuhi lilikuwa jeupe, na ukilisugua kwa vidole linakwaruza. Nikatazama ukuta. Kutoka pembe ya dirisha ulikuwa umeanza ufa, mwembamba tu, ukishuka kuelekea kitanda cha mwanangu.

Siku hiyo hiyo nikakihamisha kitanda cha Chiriku chumbani kwetu. Mtoto alilia, na bibi yake akageuza uso dirishani.

"Unaniondolea mtoto kwa nini?" akaniuliza mwishowe. "Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea kitu, Mama. Ni huu ukuta. Hata wewe nataka uhame humu. Chukua chumba chetu, sisi tutalala sebuleni."

"Nihame niende nyuma nikatazame ukuta wa jirani?" Alinishika mkono. "Mwanangu, mume wangu ni fundi. Kama kungekuwa na neno, asingeona?"

Nampenda yule mama. Nilipoingia nyumba hii sijui hata kupika, ndiye aliyenifunika mbele ya mawifi. Kwa hiyo sikumjibu nililotaka kumjibu, kwamba mumewe aliona na ndiyo maana anaranda.

Wiki ile nilisema sana. Nilisema mezani, nilisema kwenye ngazi, nilisema karakana mashine ikinguruma. Mzee akajitia hamnazo. Alipobanwa alikuwa na majibu tayari: nyumba mpya zote hupasuka kidogo, na nyumba za zamani zote hupasuka kidogo. Lori za mchanga zinapita kwa kasi barabarani, serikali haifanyi kitu. Na mwisho, akichoka na mimi, "Kwani wewe kwenu mlijenga ghorofa?" Mume wangu naye akawa mtu wa kusema "tutaona baada ya hii oda." Walikuwa na kazi ya madawati ya shule, kazi kubwa waliyoipata kwa sababu mkuu wa shule alipita barabarani akaiona mashine. Hilo mzee alilirudia kila siku. Kama angeigeuzia uani, je, yule bwana angeiona?

Kisha kioo kikapasuka.

Ilikuwa saa ya chai ya jioni, jua bado lipo. Nilikuwa nimekaa na mama chumbani kwake, Chiriku amekaa miguuni kwa bibi yake anasimulia mambo ya shule. Hakuna aliyerusha jiwe, hakuna upepo. Kioo cha dirisha kubwa kilipiga mlio mmoja mkali, kikagawanyika toka juu hadi chini, na kipande kikadondoka kwenye sakafu mahali kilipokuwa kitanda cha mwanangu. Chini mashine ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza nilisikia ukuta wenyewe, kitu kama mtu anayesaga meno.

Sikumbuki niliyoyasema. Nimeambiwa mtaa mzima ulisikia. Nakumbuka tu mzee amesimama mlangoni na kipande cha mbao mkononi, akisema, "Kioo cha bei rahisi hiki, nilimwambia yule muuza vioo," na mimi nikimfuata, na mume wangu akinishika kiuno nisimfikie.

Mjomba alikuja kabla giza halijaingia. Yeye na mume wangu wakambeba mama kwenye kiti, ngazi kwa ngazi, naye akilia kwa aibu na kujifunika uso na khanga watu wasimwone. Tukaenda kwa Mjomba, mimi, mama na Chiriku. Wanaume wakabaki. Mzee alisema hawezi kuacha mali ya watu ndani, na mume wangu akasema hawezi kumwacha baba yake.

Kwa Mjomba tulipokelewa vizuri. Vizuri kwa maana ya vizuri. Lakini nyumba ni ndogo, vyumba viwili na watoto tele, jiko liko uani, choo cha kushuka ngazi ambacho mama hakiwezi. Ikawa ni mimi na ndoo. Mke wa Mjomba hakusema neno baya hata moja. Alikuwa tu na namna ya kuitazama sukari baada ya mimi kuweka chai ya mama, akafunga kopo, akalitazama tena. Chiriku akawa anaamka kiza kwenda shule ya mbali, anarudi macho mekundu, maneno yamemwisha. Mama alikaa amegeukia ukuta. Hakukuwa na dirisha upande ule.

Na nyumba haikuanguka.

Hilo ndilo lililonimaliza. Kila siku nilitega sikio nisikie habari, na kila siku hakuna habari. Jumapili mzee akaja, amevaa vizuri, amebeba matunda, akakaa karibu na mkewe akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Bado ipo." Jumapili iliyofuata akasema hivyo hivyo. Wajukuu wa Mjomba wakaanza kuigiza, "Bado ipo! Bado ipo!" na watu wakacheka, na niliyekuwa nachekwa ni mimi.

Mzee alikuwa ameweka nguzo mpya. Mume wangu alinielezea kwa fahari. Gogo la mbao ngumu, nene kuliko mtu, limerandwa pande zote, limepigwa msasa na vanishi mpaka unajiona sura yako. Halikukaa pale pale ilipokuwa ile ya zege, maana hapo mbao zinapita. Lilikaa pembeni kidogo.

"Pembeni kiasi gani?" Mjomba akauliza.

"Kidogo tu."

"Na chini limekaa juu ya nini?"

"Sakafu."

 Mjomba alinitazama mimi, na mimi nikatazama pembeni, maana nilikuwa tayari nimeanza kuwaza.

Sasa hapa watu wananisingizia. Kuna maneno kwamba nilirudi kwa sababu ya yule mwanamke fundi cherehani anayeshona foronya za makochi ya mzee. Ana kibanda chake ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana. Ni kweli niliambiwa kwamba anawapikia wanaume, kwamba bakuli zake zinapanda ngazi zangu mchana na jioni, kwamba mume wangu amenenepa. Ni kweli nilipita siku moja nikaona khanga isiyo yangu imeanikwa kwenye kamba yangu. Lakini sikurudi kwa sababu hiyo. Mimi si mtu wa wivu wa kitoto.

Nilirudi kwa sababu ya mama, ambaye alikuwa anadhoofika. Nilirudi kwa sababu ya mtoto na shule. Nilirudi kwa sababu nguzo ilikuwa imewekwa, na mzee kwa mara ya kwanza alikuwa amefanya kitu badala ya kuranda, na mtu akijirekebisha lazima umpe nafasi. Mbali na hayo, kama ingekuwa ni ya kuanguka, ingeshaanguka.

Tulimrudisha mama kwa kiti kile kile. Mjomba alikataa kubeba, kwa hiyo miguu ya mbele alishika mume wangu, ya nyuma nikashika mimi. Fundi cherehani alisimama mlangoni kwake na futi yake shingoni, akitazama. Nilimsalimia kwa sauti. Juu, mzee alikuwa ameweka kioo kipya na kupaka chumba chote rangi ya bluu nyepesi, na ufa haukuonekana kabisa. Mama alipokiona alitabasamu, akageuza kichwa kwenye dirisha, akaanza kuuliza fulani amehama lini na duka lile limepakwa rangi na nani. Ningekuwa na roho gani ya kumnyima?

Kitanda cha Chiriku nacho tukakirudisha. Nilikuwa nimesema hakirudi. Lakini mama usiku anahitaji mtu wa kumpa maji, na mimi sikutaka kukiacha chumba chetu wakati ule, baada ya kuwa mbali na mume wangu muda wote huo. Mtoto mwenyewe aliomba. Nilikiweka mbali na dirisha, upande wa mlango. Mtu asiseme sikuchukua tahadhari.

Mlango ulikuwa umekwama kidogo siku tuliyorudi. Mzee akaupunguza.

Jana Mjomba alikuja. Ilikuwa Jumamosi, watoto hawana shule. Nilikuwa nafagia mbele ya karakana, nikamwona anakuja na baiskeli yake, nyuma amefunga sururu na beleshi. Nikajua anapitia akielekea kazini. Akaegemeza baiskeli ng'ambo, akavuka, akasimama barabarani hatua kadhaa kutoka mlangoni.

"Karibu ndani, Mjomba."

"Nipo hapa hapa."

"Unasimama juani kama mgeni? Ingia unywe chai."

"Nimekunywa." Alikuwa hanitazami mimi, anaitazama ile nguzo ya mbao inayong'aa, kisha juu, kisha nguzo tena. "Imeanza kupinda."

Nikageuka. Mimi niliiona imesimama tu kama kawaida. Mbao ina tabia zake, haiwi mstari kama chuma, hata mimi miaka hii nimejifunza hilo.

"Mbao ndivyo ilivyo," nikasema.

Alinitazama hapo. Sikulipenda lile jicho. "Mtoto analala chumba gani?"

"Mjomba, mama anahitaji mtu usiku. Ni kwa muda tu, wakimaliza madawati..."

"Niitie nimsalimie."

Nikamwita Chiriku. Akashuka mbio, anaongea tangu juu ya ngazi, akapita katikati ya maranda, akatoka nje. "Shikamoo, Babu!" Mjomba akaitikia, akamshika mkono, akarudi naye nyuma mpaka katikati ya barabara. Nilidhani anamchezesha. Kisha nikaona ameukamata ule mkono kwa nguvu, vidole vimekuwa vyeupe.

"Huyu simrudishi," akasema. "Sasa kamlete na dada yangu."

"Mjomba, mwachie mtoto."

"Mama Chiriku, nimekosa mara moja nilipoondoka. Sikosi tena. Mwambie mumeo ambebe mama yake, sasa hivi, kama alivyo. Vitu viacheni."

Alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida, lakini Chiriku akaanza kulia. Watu wakasimama. Mwenye duka akatoka. Mume wangu akazima mashine akaja mlangoni na vumbi usoni, akauliza kuna nini, na mzee nyuma yake akacheka, "Bado ipo, shemeji!" Na ng'ambo, yule fundi cherehani alikuwa ameacha kushona kabisa. Amekunja mikono kifuani, anatabasamu, anasubiri kuona kama nitafungasha tena.

Damu ilinipanda. Kwa nini kila siku iwe mimi? Nitoke tena na ndoo na vyungu, nikalale kwa mke wa mtu, nirudi tena baada ya wiki mbili nyumba ikiwa imesimama, nichekwe mpaka lini? Nilivuka barabara, nikavishika vile vidole vya Mjomba, nikavibandua kimoja kimoja kutoka kwenye mkono wa mwanangu. Hakunipiga, hakunisukuma. Aliniangalia tu usoni nikivibandua, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, mtu mzima yule.

Nikamvuta Chiriku ndani.

Mjomba alivuka akaenda kwenye baiskeli yake. Nilidhani anaondoka. Akafungua kamba, akateremsha sururu na beleshi, akaketi ukingoni mwa mtaro na vile vifaa amevilaza mapajani, uso ameuelekeza kwetu. Nilimsubiri achoke. Jua likapanda, hakusogea.

"Mjomba," nikamwita kutoka mlangoni, kwa heshima kabisa, "leo huendi kazini?"

"Kazi yangu iko hapa," akasema.

Uchuro mtupu. Watu wanapita, wateja wanaingia, na yeye amekaa pale na beleshi kama mtu aliyesikia kuna msiba. Nilikasirika, na Chiriku naye alikuwa amejibanza kwenye gauni langu, hataki kuacha kumtazama. Nikamwambia aache kulia, apande juu kwa bibi yake akacheze.